Ushamba Uliopandishwa Mezani: Historia ya Pambo la Halloween

Kila ufikapo mwezi Oktoba, katika nyumba nyingi za Marekani, meza ya chakula hupambwa kwa namna ambayo kwa mtazamo wa kwanza haina siasa yoyote. Katikati ya meza hutandazwa kipande cha gunia. Juu yake huwekwa ubao mkuukuu au kreti la mbao lililochakaa, na humo hupangwa maboga madogo, vibuyu vyenye vinundu, mahindi makavu ya rangi nyekundu na samawati yaliyoachiwa maganda yake, masuke ya mtama, mbegu za mwaloni na majani makavu. Mabua hufungwa kwa kamba ya katani au ya juti. Boga moja huwa limetobolewa macho na mdomo, na ndani yake huwashwa mshumaa. Kazi yote huweza kukamilika kwa saa moja, na kanuni yake kuu ni kwamba kitu kisionekane kipya. Anayepamba huchagua boga lenye kovu akaliacha lililo laini, na ubao wenye matundu ya misumari akauacha uliopigwa randa.

Mtindo huu huitwa kwa Kiingereza kwa neno ambalo asili yake ni jina la Kilatini la mashambani. Kwa Kiswahili tungesema, bila kuzungusha maneno, kwamba ni pambo la kishamba. Msomaji atatabasamu hapo, kwa sababu anajua kwamba kwetu neno hilo ni tusi. Mtu akiitwa mshamba haambiwi kwamba ana ujuzi wa udongo na mvua. Anaambiwa kwamba hajui kuvaa, hajui kusema, wala hajui kuketi na watu. Inakuwaje basi kile kinachodharauliwa kwa mtu kikathaminiwa kwenye meza?

Wanafunzi wangu hushangaa ninapowaambia kwamba swali hili ni la kisiasa. Wamezoea kuitafuta historia ya dola katika mikataba, vita na hotuba. Lakini vitu vilivyo mezani navyo vimepitia mikononi mwa watu, na mikono hiyo ilikuwa na mabwana, kodi na mipaka yake. Hoja yangu katika makala hii ni kwamba pambo la kishamba la Halloween ni kumbukumbu ya wakulima ambayo imekwisha kuondolewa wakulima wenyewe, na kwamba ushamba ulianza kupendeza machoni pa watu wa mjini pale tu mshamba alipokuwa ameondoka machoni pao.

Meza ya Ireland

Tuanze na sikukuu yenyewe. Katika Ireland na Scotland ya kale, mwishoni mwa Oktoba palikuwa na sikukuu ya Samhain, iliyofungua nusu ya giza ya mwaka. Mavuno yalikuwa yamekwisha kuingizwa ghalani, mifugo ilikuwa imerudishwa kutoka malishoni, na iliaminiwa kwamba usiku huo pazia kati ya walio hai na wafu huwa jembamba. Kufikia karne ya 9, Kanisa la Magharibi lilikuwa limeiweka tarehe 1 Novemba kuwa siku ya Watakatifu Wote, na mkesha wake ndio uliokuja kuitwa Halloween. Tarehe 2 Novemba ikawa siku ya kuwaombea marehemu wote.

Meza ya mkulima wa Ireland katika siku hizo haikuhitaji pambo, kwa kuwa chakula chenyewe kilikuwa na kazi ya kusema. Palikuwa na viazi vilivyopondwa pamoja na kabeji, na mkate wa matunda makavu uitwao barmbrack, ambao ndani yake ilifichwa pete. Atakayeikuta pete katika kipande chake ndiye atakayeoa au kuolewa mwaka huo. Kokwa ziliwekwa kando ya moto kwa majina ya wapendanao, ili itazamwe kama zitaungua pamoja kwa utulivu au moja itaruka. Na kabla ya familia kulala, desturi katika nyumba nyingi ilikuwa kuacha moto ukiwaka na mlango bila komeo, na viti vikiwa vimepangwa mbele ya meko, ili marehemu wa ukoo wakirudi wakute nafasi yao. Yaani katikati ya nyumba paliwekwa wazi kwa ajili ya watu ambao hawakuwapo.

Taa yao haikuwa ya boga, kwa sababu maboga hayakuwa zao la kwao. Walichonga tanipu, mzizi mgumu wa duara ambao hulishwa mifugo wakati wa baridi na huliwa na watu chakula kikipungua. Kuichonga tanipu ni kazi ya jasho. Nyama yake ni ngumu kama ya muhogo mbichi, na uso unaotokea ni mdogo na umekunjamana kama wa mtu aliyefariki siku nyingi. Makumbusho ya Taifa ya Ireland, katika tawi lake la maisha ya vijijini lililopo Turlough Park, wilaya ya Mayo, huonyesha nakala ya plasta ya taa moja ya namna hiyo kutoka Fintown, Donegal. Aitazamaye haoni upambaji. Anauona uso wa njaa.

Na njaa ilikuja. Kati ya mwaka 1845 na 1852 ugonjwa wa ukungu uliangamiza viazi vya Ireland, na watu wapatao milioni 1 walikufa kwa njaa na maradhi, huku wengine zaidi ya milioni 1 wakihama. Ukungu ulikuwa wa maumbile, lakini utaratibu ulioufanya uwe mauti ya halaiki ulikuwa wa wanadamu. Wakulima wengi walikuwa wapangaji katika ardhi ya makabaila, wakilipa kodi kwa nafaka na mifugo huku wao wenyewe wakiishi kwa viazi. Nafaka na mifugo iliendelea kupakiwa melini kwenda Uingereza katika miaka ile ile ya njaa.

Watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu wana sababu ya pekee ya kulijua jina la mtu aliyesimamia fedha za misaada ile. Ni Charles Trevelyan, ofisa mwandamizi wa Hazina ya Uingereza, aliyeamini kwamba soko lisiingiliwe na kwamba msaada mwingi ungewazoeza Waairishi uvivu. Ni Trevelyan huyo huyo ambaye mwaka 1854, pamoja na Stafford Northcote, alitoa ripoti iliyouweka msingi wa utumishi wa umma wa kisasa wa Uingereza: kuajiri kwa mitihani, kupandisha vyeo kwa sifa, kujitenga na upendeleo. Misingi hiyo tuliirithi pamoja na ukoloni, na mingi ni mizuri. Hata hivyo inafaa tukumbuke kwamba ofisa anaweza kuwa mwadilifu wa mahesabu, asiyepokea hongo, mwenye faili lililopangwa vema, na bado watu wakafa chini ya kalamu yake kwa sababu mkulima kwake ni takwimu tu.

Boga na wenye boga

Waliookoka na njaa waliabiri meli kwenda Amerika Kaskazini, na desturi zao wakaenda nazo. Huko walikuta boga, ambalo ni kubwa, jepesi kuchongwa, na tayari lina uwazi ndani. Isidhaniwe kwamba wao ndio waliokuwa wa kwanza kulitoboa macho. Watoto wa New England walikuwa wakichonga maboga kwa mchezo wa wakati wa mavuno kabla boga halijahusishwa na Halloween. Mshairi John Greenleaf Whittier wa Massachusetts, katika karne ya 19, aliukumbuka mchezo huo katika shairi lake linalohusu boga na sikukuu ya Shukrani. Katika nusu ya pili ya karne hiyo mambo mawili yakakutana: usiku wa Waairishi na Waskoti, na boga la Amerika.

Lakini boga nalo lilikuwa na wenyewe. Mbegu zake zilizopatikana katika pango la Guilá Naquitz, jimbo la Oaxaca huko Mexico, zinaonyesha kwamba watu wa Amerika walianza kulifuga boga miaka kama 10,000 iliyopita, kabla hata ya mahindi. Kaskazini zaidi, katika nchi ambayo leo ni jimbo la New York, watu wa Haudenosaunee, ambao Wafaransa waliwaita Iroquois, walilima mahindi, maharagwe na maboga katika shamba moja. Mabua ya mahindi yakawa nguzo ya maharagwe, maharagwe yakarutubisha udongo, na majani mapana ya maboga yakaufunika udongo usikauke wala usiote magugu. Mazao hayo waliyaita dada watatu, na wakulima wake walikuwa wanawake. Mkulima wa Mbeya au Kakamega hahitaji kufafanuliwa ubora wa mpango huo, kwa kuwa shambani kwake yeye mwenyewe mazao hayo matatu huota pamoja.

Mwaka 1779, katikati ya vita vya uhuru wa Marekani, George Washington alimtuma Jenerali John Sullivan na jeshi lake kuingia nchi ya Haudenosaunee, ambao wengi wao walikuwa upande wa Waingereza. Amri haikuwa kupigana tu. Ilikuwa kuharibu makazi na mazao yaliyo shambani. Askari walifika wakati mahindi yamekomaa na maboga yametambaa kila mahali. Sullivan mwenyewe aliripoti kwamba miji 40 iliteketezwa pamoja na maghala na mashamba yake, na miti ya matunda ikakatwa. Maelfu ya watu walikimbilia ngome ya Waingereza ya Niagara, na katika majira ya baridi kali yaliyofuata wengi walikufa. Katika lugha za Haudenosaunee, Washington alijulikana kwa jina lenye maana ya Mwangamiza Miji. Baada ya vita, sehemu kubwa ya ardhi hiyo iligawiwa askari kuwa malipo ya utumishi wao, na miji mipya ikapewa majina ya ustaarabu wa kale wa Ulaya: Ithaca, Ovid, Romulus.

Leo New York ni miongoni mwa majimbo ya Marekani yanayolima maboga mengi. Familia za mjini huendesha magari hadi mashambani siku za Jumamosi kuchagua boga la mezani, na mahindi ya rangi mbalimbali wanayonunua pamoja nalo huitwa kwa kawaida mahindi ya Kihindi, kufuatia kosa la Columbus aliyedhani amefika India. Jina la zao limebaki, nalo linaelekeza nchi nyingine.

Sisi nasi tusijione bora katika jambo hili. Zao hilo hilo lilipofika pwani yetu baada ya Wareno kuvuka bahari, tuliliita mahindi, jina linaloelekeza India vilevile. Viazi vilivyofugwa na watu wa milima ya Andes tunaviita viazi ulaya. Katika vinywa vyetu vya kila siku, wakulima wa Amerika waliovumbua nusu ya chakula chetu hawana hata jina.

Ushamba unapogeuka fasheni

Pambo la katikati ya meza, kama linavyojulikana leo, si la kale. Mwishoni mwa karne ya 19, majarida ya wanawake wa tabaka la kati la Marekani yalianza kuwashauri wenye nyumba waandae karamu za Halloween kwa kutumia mabua ya mahindi, maboga, matufaha na mwanga wa mishumaa. Mwaka 1909 kampuni ya Dennison ya Massachusetts, iliyouza karatasi za mikunjo za rangi, ilitoa kijitabu cha maelekezo ya kupamba nyumba na meza kwa sikukuu hiyo, na baadaye ikawa inatoa vijitabu vya namna hiyo karibu kila mwaka. Mwaka 1919 mkutubi mmoja wa Massachusetts, Ruth Edna Kelley, alichapisha kitabu kizima cha historia ya Halloween. Sikukuu ya wakulima ilikuwa imepata duka lake na kitabu chake.

Tarehe hizo si za bahati. Sensa ya Marekani ya mwaka 1920 ndiyo ya kwanza iliyoonyesha kwamba wakazi wa mijini wamewazidi wa vijijini. Watoto na wajukuu wa wakulima walikuwa sasa makarani, mafundi na walimu mijini. Waliokuwa wakiamka alfajiri kukata mabua hawakuwa na haja ya kuyaleta mezani. Haja hiyo waliipata wale ambao hawakuwa wakiyakata tena. Mambo yalikwenda hivyo pia kwa taa: mtoto wa Donegal alichonga tanipu kwa sababu ndiyo iliyokuwapo, ilhali mama mwenye nyumba wa Boston alinunua boga kwa sababu lilimpa picha ya mahali ambapo babu yake alipakimbia.

Kulikuwa na sababu ya pili, nayo ni ya utawala. Halloween ya Marekani ilikuwa pia usiku wa utundu wa vijana: kung'oa malango, kuvunja vioo, kuzuia barabara. Katika miaka ya 1930, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, utundu huo ulizidi hata viongozi wa miji wakaingiwa na hofu. Jawabu lao, pamoja na la shule, makanisa na vyama vya kiraia, lilikuwa kuandaa karamu na michezo, na kuwavuta vijana kutoka barabarani hadi ndani ya nyumba na kumbi. Meza iliyopambwa ilikuwa na kazi ya kutuliza. Sisemi kwamba jambo hilo lilikuwa baya. Nani apendaye kuvunjiwa dirisha? Nasema tu kwamba hasira ya vijana wasio na kazi ilipewa peremende na boga, wala haikuulizwa imetoka wapi.

Na wakulima wenyewe walipewa nini? Katika miaka hiyo hiyo Bunge la Marekani lilipitisha sheria mbili kubwa za kazi. Ya mwaka 1935 iliwapa wafanyakazi haki ya kuunda vyama na kujadiliana na waajiri. Ya mwaka 1938 iliweka kima cha chini cha mshahara na malipo ya saa za ziada. Sheria zote mbili ziliwaacha nje vibarua wa mashambani, ambao katika majimbo ya kusini wengi wao walikuwa Waafrika-Wamarekani. Kima cha chini kiliwafikia baadhi yao baada ya marekebisho ya mwaka 1966, lakini mpaka leo sheria ya shirikisho haimlazimishi mwenye shamba kuwalipa malipo ya saa za ziada. Wengi wanaoinama kukata maboga ya Oktoba sasa ni wahamiaji kutoka Mexico na Amerika ya Kati, baadhi yao wakiwa na viza ya muda ya kazi za kilimo inayowafunga kwa mwajiri mmoja.

Kamba iliyotoka Tanga

Mpaka hapa msomaji anaweza kudhani kwamba meza hii ni ya wengine na sisi ni watazamaji. Hebu tuitazame tena. Baadhi ya vibuyu vya kupambia vina asili ya Afrika: utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba vibuyu vilivyotumiwa Amerika kabla ya Columbus ni wa ukoo wa vibuyu vya Afrika, na kwamba yaelekea vilivuka bahari ya Atlantiki vikielea vyenyewe. Masuke ya mtama, na hata ule ufagio wa mchawi unaoegeshwa kando ya meza, ni ya nafaka iliyofugwa mara ya kwanza Afrika, katika eneo la Sudan ya leo, miaka kama 5,000 iliyopita.

Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa. Kibuyu kilielea bila fundi, lakini kamba ya katani haikufika mahali popote bila mikono ya watu. Mkonge ni mmea wa Yucatán, Mexico, ambako mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 mashamba makubwa ya mimea ya jamii ya mkonge yaliendeshwa kwa kazi ya kulazimishwa ya Wamaya wenye madeni, na ya Wayaqui waliohamishwa kwa nguvu kutoka kaskazini. Sehemu kubwa ya nyuzi hizo ilikwenda Marekani kufungia mavuno ya ngano. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mmea huo Tanga kwa njia ya Florida na Hamburg. Miche 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai. Kutokana na miche hiyo kulitokea mashamba ya Tanga, Korogwe, Morogoro na kwingineko.

Waliokata mkonge huo tunawajua kwa jina moja: manamba. Waliitwa hivyo kwa sababu kila mmoja alipewa namba, na kazi yake ikahesabiwa kwa siku katika kipande. Walitoka Kigoma, Songea, Singida, Burundi na Msumbiji, wengine kwa kusukumwa na kodi ya kichwa. Japani ilipoiteka Ufilipino mwaka 1942, na nchi zilizopigana nayo zikakosa nyuzi za huko, serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kisheria kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Baadaye nyuzi za plastiki ziliangusha bei, mashamba mengi yakageuka vichaka, na wazee waliokatwa miguu na miiba ya mkonge wakabaki kambini na wajukuu wao.

Sasa katani imerudi sokoni kwa jina jipya: kamba ya asili, ya kupambia. Ubora wake unaosifiwa ni ule ule ambao zamani ulikuwa kasoro, yaani ukwaruzo wake. Anayefungia mabua mezani hupenda nyuzi ziwe zimechomoza kidogo. Aliyezikata alitaka tu idadi ya mafungu ya siku itimie.

Neno letu wenyewe

Nilisema mwanzoni kwamba kwa Kiswahili ushamba ni tusi. Tusi hilo nalo lina tarehe zake. Katika karne ya 19, baada ya Seyyid Said kuhamishia makao yake Unguja na kilimo cha karafuu kupanuka, shamba lilikuwa mahali walipofanya kazi watumwa, na mji ulikuwa mahali walipokaa waungwana. Hali ilikuwa ni hiyo hiyo katika mashamba ya nafaka ya Malindi. Mtu wa shamba hakuwa mtu wa mbali kidogo tu. Aghalabu alikuwa mtu asiye na nafsi yake. Utumwa uliondolewa kisheria Unguja mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Dharau iliyomo katika neno haikufutwa na sheria hizo, na wakoloni, kwa kuujenga mji wa Waafrika pembezoni mwa mji wao, waliizidishia nguvu.

Nasi, wasomi na watumishi wa serikali, tumejifunza kufanya yale yale ya Boston. Hoteli zetu za kitalii hutundika nyungo ukutani na kuweka kinu na mchi mlangoni. Kila tarehe 8 Agosti, siku ya wakulima Tanzania, mabanda hupambwa kwa maboga makubwa na mashada ya mahindi yaliyopangwa vizuri mno, na viongozi hupita wakiyashika na kupigwa picha. Mapambo hayo hayana kosa lolote. Lakini huko Maputo mwaka 2003 wakuu wa nchi za Afrika waliahidi kutenga asilimia 10 ya bajeti zao kwa kilimo, na nchi nyingi hazikuitimiza ahadi hiyo. Boga la maonyesho linapendeza kwa sababu halidai pembejeo, barabara wala bei.

Je, tuharamishe pambo? La hasha. Binadamu hupamba, na kupamba kwa mazao kuna heshima ndani yake ikiwa mazao hayo yataliwa na wenyewe watatajwa. Nchini Mexico, tarehe 1 na 2 Novemba, familia hutengeneza madhabahu ya nyumbani kwa maua ya rangi ya machungwa, mishumaa, maboga yaliyopikwa kwa sukari guru, na picha za marehemu wao. UNESCO iliiorodhesha desturi hiyo mwaka 2008 kuwa urithi wa binadamu. Vitu vyake vinafanana na vya meza ya Marekani: boga na mshumaa. Tofauti ni kwamba pale katikati kuna sura za watu, na majina yao hutamkwa. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa vile viti vilivyoachwa wazi mbele ya meko huko Ireland.

Kwa hiyo nawapa wanafunzi wangu zoezi, na nawaalika wasomaji wengine wajiunge. Chagueni meza moja ya sherehe, iwe ya harusi, ya mahafali au ya mkutano wa wizara. Orodhesheni kila kilichowekwa katikati yake: ua, kitambaa, kibuyu, kamba. Kwa kila kimoja ulizeni kimelimwa wapi, ardhi ile ilikuwa ya nani miaka 100 iliyopita, aliyekivuna alilipwa kiasi gani, na kwa sheria ipi. Wenye kazi serikalini mna nyongeza moja: safari ijayo mtakapoandaa kikao kuhusu wakulima, kabla ya kuagiza mapambo ya mabua na maboga, hakikisheni kwanza kwamba kuna viti vya wakulima mezani, na kwamba muda wao wa kusema umeandikwa kwenye ratiba.